Kufundisha hatua za maisha ya wadudu kwa watoto wadogo wenye mahitaji tofauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wa elimu ya awali na madarasa ya mwanzo, pamoja na wazazi ambao watoto wao wenye ulemavu wanasoma katika shule za kawaida. Majibu yamelenga mazingira yetu ya Tanzania: watoto wengi, zana chache, na mlimau nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Je, somo hili si zito mno kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili?

Si zito. Uzito unaletwa na njia tuliyoizoea: mwalimu anachora duara ubaoni, anaweka mishale minne na majina manne, watoto wananakili, kengele inalia. Hapo hata mtoto asiye na ulemavu wowote anaondoka na mchoro tu. Mwonyeshe mtoto huyohuyo kiwavi halisi anayetafuna jani, mwonyeshe tena kesho na keshokutwa, naye atakupa habari kabla hujauliza: amekua, amebadilika rangi, amemaliza jani lote.

Ninashauri vitendo vitangulie majina. Yai linakaa. Kiwavi anakula. Pupa anatulia. Kipepeo anaruka. Mtoto anayepata shida kukumbuka neno "pupa" huelewa haraka kwamba huyu sasa hali, hatembei, ametulia. Akishatofautisha vitendo hivyo vinne, kiini cha somo anacho, na majina yatafuata taratibu. Wapo walimu wanaompunguzia mtoto hatua ili "aweze", wakamfundisha kiwavi na kipepeo peke yake. Kufanya hivyo ni kumnyima sehemu yenye maajabu kuliko zote. Punguza maneno, usipunguze hatua.

Nianze na mdudu gani?

Kipepeo wa michungwa na milimau, yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na viwavi wake hawana manyoya yanayowasha. Jike hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia yenye mabaka meupe, anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, ndiyo maana watu wazima wengi humpita bila kumwona. Akikua anageuka kijani. Kwa hiyo watoto wanapata badiliko kubwa la kusimulia hata kabla pupa hajatokea.

Panzi aje baadaye. Ana hatua tatu: yai, tunutu na panzi kamili. Tunutu anafanana na mzazi wake, ila mabawa yake hayajakamilika, wala hapiti hatua ya pupa. Kwa watoto wa Kagera mfano mzuri zaidi ni senene, ambaye naye hukua kwa hatua hizohizo tatu na ambaye wanamjua tangu jikoni. Lakini usifundishe panzi na kipepeo katika wiki moja. Mtoto anayejitahidi kushika mpangilio mmoja ataivuruga yote miwili. Acha walau mwezi katikati.

Viwavi nitawapata wapi, na darasani wanatunzwaje?

Tembelea milimau mvua zinapoanza na miti inapochipua. Angalia majani laini ya ncha za matawi, na uchukue kiwavi pamoja na tawi lake. Mti uliopuliziwa dawa uache. Viwavi wawili au watatu wanatosha darasa zima. Ukichukua kumi, kazi ya kutafuta majani itakushinda.

Chombo kinaweza kuwa ndoo ya plastiki angavu au dumu la maji lililokatwa juu. Lifunike kwa kitambaa chepesi cha pazia na ulifunge kwa mpira. Usitumie kipande cha chandarua, kwa sababu vyandarua vingi tunavyogawiwa vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haitabagua mbu na kiwavi. Tawi likae kwenye kichupa chenye maji, na mdomo wa kichupa uzibwe kwa pamba, la sivyo kiwavi atashuka na kuzama. Kinyesi kimwagwe kila siku. Majani yawe mabichi na ya jamii ileile ya mti: kiwavi wa mlimau hali majani ya mwembe, atakufa njaa akiwa amekalia chakula. Chombo kikae kivulini, na miguu ya meza iwe ndani ya vikopo vyenye maji, maana sisimizi wanaweza kumaliza kila kitu usiku mmoja.

Tangu yai hadi kipepeo ni kati ya mwezi mmoja na miwili, kutegemea joto. Tanga na Dar es Salaam mambo huenda haraka kuliko nyanda za juu zenye baridi. Anza mapema katika muhula.

Ipo siku ambayo huwatia walimu hofu. Utakuta kiwavi mkubwa amehara majimaji na anazungukazunguka chomboni bila kula. Si mgonjwa. Anasafisha tumbo na kutafuta mahali pa kujishikiza. Msimamishie vijiti vikavu. Atashika kijiti kwa mkia, atajizungushia uzi mwembamba wa hariri, kisha ataegemea nyuma kama fundi wa umeme aliyejifunga mkanda kwenye nguzo. Baada ya hapo anavua ngozi yake ya mwisho, na pupa anaonekana, wa kijani au wa kahawia kulingana na mahali alipojishikiza. Jitahidi watoto waishuhudie siku hiyo.

Mabango mengi yanayouzwa madukani humwonyesha kipepeo akitoka ndani ya kifukofuko cha nyuzi. Hariri ya namna hiyo husukwa na viwavi wa nondo walio wengi. Pupa wa kipepeo huyu yuko wazi, hana kifukofuko. Bango ulilo nalo likikosea, waambie watoto hivyo na walilinganishe na pupa wao.

Kwa nini unashauri tusianze na duara?

Kwa sababu watoto wengi wanaelewa duara kuwa kipepeo yuleyule anarudi kuwa yai. Hawajakosa akili, wamesoma mchoro kama ulivyo: mshale umetoka kwa kipepeo ukaingia kwenye yai. Mtoto mwenye usonji, au yeyote anayechukua picha kwa maana yake ya wazi, anaweza kuishika dhana hiyo kwa miaka. Ukweli ni kwamba jike anataga mayai, anaishi wiki chache, halafu anakufa. Yai ni mtoto wake, si yeye mwenyewe.

Tumia kamba. Funga kamba ya kuanikia nguo toka ukuta mmoja hadi mwingine, chini kiasi cha kumfikia mtoto aliye kwenye kiti cha magurudumu. Kila siku mtoto mmoja anabana kadi moja kwa kibanio cha nguo: mchoro wa mdudu alivyo leo, au kitu halisi kama jani lililoliwa au ngozi iliyovuliwa. Siku ambayo hakuna kilichobadilika, kadi inafanana na ya jana, na hilo nalo ni jambo la kujifunza, hasa wakati wa pupa. Kadi zinazofanana zikipangana siku baada ya siku, watoto wanaona muda kwa macho na kuushika kwa mikono. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu ya somo hili kwa mtoto mdogo, na hakuna mchoro wa duara uliowahi kuionyesha.

Kipepeo akitoka, kamba ya kwanza imefika mwisho. Funga kamba ya pili chini yake, uanze upya na yai, na sema wazi: huyu ni mwingine, huyu ni mtoto. Watoto wakigundua kwamba kamba ya pili inafuata njia ya kwanza, hapo ndipo duara linapopata maana. Kwa darasa la awali, kamba mbili zinatosha kabisa. Duara lisubiri darasa la tatu.

Nina mtoto asiyeona kabisa. Nimpe nini wakati wenzake wanatazama?

Mpe vitu halisi kwanza, vinyago baadaye. Walimu wengi hukimbilia kufinyanga kiwavi mkubwa wa udongo, na mtoto anabaki akiamini kwamba kiwavi ana ukubwa wa muhogo. Anza na jani zima, kisha jani lililotafunwa, aguse kingo zilizoliwa. Mwache kiwavi atembee juu ya kiganja chake kilicho wazi. Atasikia miguu inavyoshika na kuachia. Hiyo ni bora kuliko kumwambia ambinye kwa vidole, na ni salama kwa kiwavi. Ganda tupu la pupa, baada ya kipepeo kutoka, ni jepesi kuliko karatasi, na mtoto anaweza kutafuta kwa ncha ya kidole mpasuko wa mahali alipotokea.

Harufu pia ni somo. Kiwavi huyu akishtuka hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, ya kuwafukuza maadui. Mtoto asiyeona anaweza kuwa wa kwanza darasani kutangaza kwamba kiwavi ameogopa. Mara moja inatosha, asichokozwe kila saa. Kwa panzi, tumia boksi jepesi la karatasi: mtoto aweke sikio na asikie miguu ikikwaruza.

Baada ya hayo leta kinyago cha udongo, na umwambie waziwazi kwamba umekikuza. Mpe kipimo cha mwili wake: yai halisi ni dogo kuliko punje ya mtama, kiwavi aliyekomaa anakaribia urefu wa kidole, kipepeo akifungua mabawa ana upana wa kiganja au zaidi. Mabawa ya kipepeo aliye hai yasiguswe, kwa sababu unga ulio juu yake ni magamba madogo yanayobanduka. Tafuta kipepeo aliyekufa mwenyewe. Kama mtoto ameanza kusoma nukta nundu, kadi za kwenye kamba ziandikwe nukta nundu pia, ili kamba iwe yake kama ilivyo ya wenzake.

Vipi kwa wenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wenye ualbino?

Kiwavi wa kijani juu ya jani la kijani ameumbwa asionekane. Mweke juu ya karatasi nyeupe. Pupa wa kahawia mwekee kitambaa cheupe nyuma yake. Simu ya mwalimu ikikuza picha inasaidia kuliko miwani nyingi za kukuzia za bei rahisi. Mtoto aruhusiwe kusogea hadi pua ikaribie chombo.

Kwa wenye ualbino, matembezi ya kutafuta viwavi yafanyike asubuhi mapema, wakiwa na kofia pana na nguo za mikono mirefu, na wasimame upande wa kivuli wa mti. Wasibakizwe darasani wakati wenzao wako nje. Panga saa inayowafaa wao, na darasa zima litoke saa hiyo.

Darasani kuna watoto viziwi. Tunafanyaje ikiwa macho yao yanahitajika sehemu mbili kwa wakati mmoja?

Hili ndilo swali lenyewe, na ninafurahi likiulizwa. Mtoto anayesikia anaweza kumtazama kiwavi huku akikusikiliza. Mtoto kiziwi hawezi kumtazama kiwavi na mikono yako kwa pamoja. Mwalimu akieleza huku akionyesha, mtoto anapoteza kimojawapo, na kwa kawaida anachagua kiwavi, jambo ambalo hata wewe ungefanya. Kwa hiyo gawa muda: eleza kwa lugha ya alama, nyamaza, elekeza, subiri atazame hadi atosheke, kisha rudisha macho yake kwako na muendelee. Somo litakuwa refu zaidi. Litakuwa zuri zaidi kwa wote, kwa sababu hata wanaosikia wanahitaji kimya cha kutazama.

Alama za hatua ambazo darasa halina, ziulizwe kwa watu wazima viziwi au kwa mwalimu wa Lugha ya Alama ya Tanzania, halafu darasa zima lizitumie, si wale viziwi tu. Wimbo wenu wa hatua za kipepeo uwe na miondoko ya mwili na mapigo ya ngoma. Mtoto kiziwi anayeweka kiganja kwenye ngoma anayasikia mapigo mwilini na kujua hatua imebadilika.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana usonji na anaogopa vitu vinavyoruka. Je, aondolewe darasani siku ya kipepeo?

Marahaba mama. Asiondolewe ikiwa kuna njia ya kumwandaa, na ipo. Kinachomtisha zaidi ni kutokujua. Tengenezeni kadi za picha za siku hiyo kwa mpangilio: tunaingia, tunatazama, kipepeo anakausha mabawa, tunampeleka nje, tunanawa mikono, tunakunywa uji. Azione siku kadhaa kabla, nyumbani na shuleni. Kipepeo aliyetoka hukaa muda akining'inia huku mabawa yakijaa na kukauka, kwa hiyo kuna muda wa kutosha kumtazama kabla hajaruka. Mtoto achague umbali wake: karibu, nyuma ya dawati, au mlangoni. Wakati wa kumwachia kipepeo, afanye hivyo mwalimu, nje, mahali pa wazi.

Mengine mawili kuhusu watoto hawa. Kwanza, msimwambie kwamba pupa "amelala". Mtoto anayechukua maneno jinsi yalivyo atataka kumwamsha, na nimewaona wakijaribu. Semeni: anajijenga upya. Pili, badiliko lenyewe linaweza kumhuzunisha, kwa sababu kiwavi aliyemzoea hayupo tena. Kadi za kwenye kamba humsaidia kuona kwamba hakupotea. Na kama mwanao ni miongoni mwa wale wanaopenda wadudu kuliko kitu chochote, wanaojua kila aina kwa jina, basi mwalimu amepata msaidizi. Apewe kazi ya kweli: kuhesabu majani, kuripoti kila asubuhi.

Na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kushika wala kusema vizuri?

Mdudu aletwe usawa wa macho yake, si yeye ainamishwe hadi kwenye meza. Anaweza kujibu kwa macho: shika kadi mbili mbali mbali, uliza "yupi anakula?", na usubiri. Subiri zaidi ya unavyodhani inatosha. Mwalimu mwenye haraka huchukua kimya kuwa hajui.

Watoto wakiigiza hatua kwa kujikunja sakafuni na kuruka, tumia pia toleo la mikono: ngumi ni yai, kidole kinachotambaa ni kiwavi, ngumi iliyofunikwa na kanga ni pupa, mikono miwili iliyofunguka ni kipepeo. Asiyeweza hata hilo afunikwe kanga mabegani na kufunuliwa na mwenzake, akikubali. Toleo hilo lifanywe na darasa zima.

Nina watoto zaidi ya tisini. Haya yote yanawezekana?

Yanawezekana ukiacha kufundisha wote kwa mara moja. Kikundi kimoja kwenye chombo, kingine kwenye kamba, wengine wanafinyanga, wengine wanachora ardhini uwanjani. Dakika kumi, wanabadilishana. Kila mtoto akikaa mbele ya kiwavi kwa dakika chache mara mbili kwa wiki, amepata kuliko saa nzima ya kutazama ubao akiwa safu ya mwisho. Wachanganye wenye ulemavu katika vikundi vyote. Kikundi cha "wale maalumu" pembeni hakina nafasi hapa.

Watoto wanauliza: ndani ya pupa kunatokea nini?

Wajibu kwa ukweli. Sehemu nyingi za mwili wa kiwavi zinavunjwavunjwa, na vichipukizi vidogo vilivyokuwa ndani yake tangu zamani vinakua na kuwa mabawa, miguu mirefu na mrija wa kunyonyea nekta. Pupa yuko hai, akiguswa anaweza kujitikisa. Siku ya kutoka, mabawa yakishaonekana kupitia ganda, msimsaidie kwa kupasua. Anahitaji kujitoa mwenyewe na kupata mahali pa kuning'inia, la sivyo mabawa yatakauka yakiwa yamekunjamana. Akishatoka hudondosha majimaji ya rangi. Watoto hudhani ni damu, hasa wale wanaoogopa damu, kwa hiyo waambie mapema kwamba ni uchafu uliobaki tumboni tangu alipokuwa pupa.

Badala ya kipepeo, ametoka nyigu mdogo! Tumekosea wapi?

Hamjakosea popote. Wapo nyigu na nzi wanaotaga mayai juu au ndani ya kiwavi au pupa, na watoto wao hula humo kwa ndani. Huo nao ni mzunguko wa maisha, na wakulima wetu wananufaika nao kwa sababu wadudu hao hupunguza viwavi mashambani. Waambie watoto kilichotokea kwa sentensi mbili fupi. Kama kiwavi amekufa, semeni "amekufa", mumzike chini ya mlimau wakitaka. Kumbadilisha kwa siri usiku kunawanyima watoto ukweli ambao wengi wao wanaumudu kuliko tunavyofikiri.

Je, tunaweza kutumia mbu?

Ndiyo, kwa uangalifu. Katika joto, mbu hupita hatua zote nne kwa muda wa wiki moja hadi mbili, jambo zuri kwa watoto wasioweza kusubiri. Chota viluwiluwi kwenye maji yaliyotuama, viweke kwenye chupa angavu iliyofunikwa vizuri kwa kitambaa. Pitisha mkono juu ya chupa: kivuli kikianguka, wote wanazama chini kwa mpigo. Mtoto mwenye utulivu mdogo darasani anaweza kukaa hapo robo saa. Pupa wa mbu, tofauti na wa kipepeo, anaogelea, ingawa naye hali chochote.

Kabla mbu hawajatoka, maji yamwagwe kwenye mchanga mkavu juani, watoto wakishuhudia. Kisha mzunguke shule nzima kutafuta makopo, matairi na vifuu vyenye maji. Katika nchi yenye malaria na dengi, hiyo ni sehemu ya somo ambayo mtoto ataifikisha nyumbani.

Watoto wanasisitiza kwamba funza hutokea wenyewe kwenye nyama iliyooza.

Watu wazima waliamini hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1668 Francesco Redi wa Italia alichapisha majaribio yake: nyama aliyoiacha wazi ilipata funza, ile aliyoifunika kwa kitambaa chepesi haikupata, kwa kuwa nzi hawakuifikia. Fanyeni vivyo hivyo kwa vichwa vya dagaa katika vikopo viwili, nje, mbali na darasa. Siku chache zinatosha. Mwalimu ndiye afungue na kufukia, si watoto.

Tahadhari zipi ni za lazima?

Viwavi wenye manyoya wasiguswe. Wafundishe pia wasimfinye yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, anayejitokeza sana wakati wa mvua. Majimaji yake huunguza ngozi na kutoa malengelenge. Nyuki na nyigu wafundishwe kwa picha. Uliza wazazi mapema kama kuna mtoto mwenye pumu au mzio. Mtoto anayeweka kila kitu mdomoni akae na mtu mzima. Mikono inawiwe kwa sabuni kila baada ya somo, na mtoto asiyetaka kugusa asilazimishwe wala asichekwe.

Kuna walimu wanatumia mchele kuwa mayai na tambi kuwa viwavi. Ni sawa?

Mimi sishauri. Katika darasa ambalo kuna mtoto aliyekuja bila kunywa chai, chakula hakibandikwi kwenye karatasi. Mchanga mkubwa, mbegu za miti, vipande vya kamba, udongo na majani makavu vinafanya kazi hiyo vizuri.

Nitajuaje kwamba mtoto ameelewa, kama hawezi kuandika wala kuchora?

Tumia kadi nne. Siku ya kwanza panga tatu wewe mwenyewe, yeye aweke ya mwisho tu. Akizoea, panga mbili, aweke mbili. Endelea kurudi nyuma hadi apange zote. Njia hii inamfaa sana mtoto mwenye ulemavu wa akili kwa sababu kila mara anamaliza kazi kwa mafanikio. Asiyeona apange vitu vya kugusa, asiyesema aonyeshe kwa macho au mikono, anayesema aeleze. Kisha mpe swali la kweli: mwonyeshe kiwavi mwingine ambaye hajawahi kumwona, hata kiwavijeshi wa shamba la mahindi, uliza "huyu atakuwa nini baadaye?" Akionyesha kitu chochote chenye mabawa, ameelewa, hata kama jina "nondo" halijui. Alama ya darasani itolewe kwa uelewa huo, si kwa uzuri wa mchoro.

Ipo sehemu ya kuwapeleka watoto?

Kwa walio Unguja, kuna kituo cha vipepeo kijijini Pete, karibu na msitu wa Jozani. Kwa walio upande wa Kenya, mradi wa Kipepeo ulioko Gede ulianza mwaka 1993. Wanavijiji wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa nchi za nje. Watoto hushangaa wakisikia kwamba pupa husafirishwa kwa ndege. Piga simu kabla, uliza kuhusu njia za viti vya magurudumu na kama watoto wanaruhusiwa kugusa.

Shule inafungwa na pupa bado hajatoka. Tufanye nini?

Kijiti chenye pupa kifungwe kwa uzi ndani ya mlimau uleule mliotoa kiwavi, katikati ya matawi, penye kivuli, kikiwa kimesimama kama kilivyokuwa chomboni. Kama mlinzi wa shule anakaa hapohapo, mpe chombo na umwombe akiondoe kifuniko pindi kipepeo atakapotoka, na akupigie picha kwa simu. Kadi ya mwisho ibanwe kwenye kamba siku ya kufungua muhula.